Jamani, shujaa naye anasikia joto

Nimechoka, na leo nasema. Wikiendi navaa nguo za shujaa wa katuni kwenye sherehe za watoto, na kazi hii naipenda kweli. Kinachoniudhi ni kuambiwa "njoo saa nane, uwe umeshavaa," halafu keki inakatwa saa kumi na moja. Februari ya Dar mnaijua: nyuzi 32, hewa nzito ya bahari, upepo hakuna. Nguo yenyewe nailoni mwanzo mwisho. Jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Zipu iko mgongoni, siwezi kuifungua peke yangu, kwa hiyo hata maji nakunywa kwa kuhesabu, maana kwenda chooni ni mtihani.

Juzi Tabata nilisubirishwa stoo masaa matatu, nimekaa juu ya gunia la mkaa. Natoka tu, mvulana mmoja akanipiga ngumi ya tumbo. Baba yake anacheka: "Mwacheni apige, si shujaa huyo!" Chini ya kitambaa kile kuna tumbo la mtu, jamani. Binti mdogo ndiye aliyeona matone kidevuni. "Anko, unalia?" Akaniletea kikombe chake cha juisi, nusu kashakunywa.

Na hela je? "Nitakurushia kesho, kaka." Wiki ya pili hii. Nauli ya bodaboda ya kurudi Kimara usiku ule niliikopa. Nilipeni siku hiyo hiyo, na mniwekee feni.