Mrudishieni mtoto beseni lake la mchanga

Ijumaa nilipokwenda kumchukua mwanangu chekechea nilikuta beseni la mchanga limefunikwa kifudifudi nje, karibu na choo. Lile la maji halikuwepo kabisa. Mwalimu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wazazi wamelalamika: sare hazitakati, na ada wanalipa ili mtoto ajue kusoma, si kuchezea udongo. Mwanangu akanionyesha daftari, kurasa 3 za herufi "a", zote kazi ya siku hiyo. Ana miaka 4.

Hasira haijaniisha mpaka leo.

Wiki mbili kabla nilikaa kwenye kona ileile nikisubiri mvua ipungue. Watoto wanne walikuwa wamelizunguka beseni, wana vikombe, kifuu na chekeche ya plastiki. Mmoja akamimina kwa pupa. "Mchanga imemwagika!" Mwenzake, bila kuinua kichwa: "Umemwagika." Yule mdogo akauzoa mchanga, akanong'ona, "Umemwagika." Punde akapindua kikombe cha maji. "Maji umemwagika!" Safari hii wote watatu wakamgeukia: "Yamemwagika!" Akacheka, akachota tena, akamwaga makusudi, akasema kwa sauti ya ushindi: "Yamemwagika."

Nioneshwe daftari linaloweza kazi hiyo. Ngeli hizi ndizo zinazowatoa watu jasho kwenye mtihani wa sekondari, na mtoto yule alizipata kwa kumwaga maji mara mbili. Jiwe hili zito, mawe haya mazito, kijiti hiki kinaelea. Kitu anacho mkononi, jina lake analisikia saa hiyohiyo, na akikosea yupo mwenzake wa kumrekebisha bila fimbo wala alama ya kosa. Mnyang'anye beseni umkalishe kimya, mazungumzo yote hayo yanakufa. Ndiyo maana siwezi kulichukulia jambo hili kama la uchafu na usafi.

Kiswahili chenyewe kimejaa maneno ambayo ubao hauwezi kuyafundisha. Ukakasi utauchoraje? Mtoto aume bibo, ulimi umkaze, ndipo neno limwingie. Shombo iko kwenye kiganja kilichoshika dagaa. Ugwadu uko kwenye ukwaju. Udongo tifutifu, nguo iliyolowa chapachapa, uji wa rojorojo: mtoto ambaye vidole vyake havijapita humo atayakariri maneno hayo baadaye kama majina ya miji asiyowahi kufika.

Bibi yangu wa Pangani hakusomea ualimu. Alipokuwa akikuna nazi alituita wajukuu tuikamue. Tui la kwanza, zito, akatuambia hilo ni kasimile. Akaongeza maji tukakamua tena, tukaona wenyewe jinsi lilivyokuwa jepesi. Mabaki akatuachia tuchezee: chicha. Kukuna, kukamua, kuchuja, kasimile, chicha, yote asubuhi moja, na mpaka leo nikilisikia neno kasimile viganja vyangu vinakumbuka mafuta yake.

Wanaodhani huu ni mchezo wa kupoteza muda wakumbuke kwamba Maria Montessori, mwalimu wa Kiitaliano aliyefungua shule yake ya watoto wadogo, "Nyumba ya Watoto", Roma mwaka 1907, alitumia herufi za msasa ili mtoto azipitishie kidole kabla ya kushika kalamu. Hata hiyo "a" ya kurasa 3 ingeweza kuanzia kwenye mchanga, ikafutwa kwa kiganja, ikaandikwa upya bila hofu ya kuchafua ukurasa.

Nakubali, maharage yakiwekwa kwenye beseni huingia puani, kwa hiyo yasitumike bila mtu mzima kukaa hapohapo. Nakubali pia kwamba mwalimu mmoja mwenye watoto 80 hawezi kusimamia mabeseni. Huyo aongezewe msaidizi. Darasa la mwanangu lina watoto 18 na walimu wawili. Na kwa wanaosema afadhali muda huo wajifunze Kiingereza: mtoto asiyejua kunata ni nini kwa lugha ya nyumbani, hilo la Kiingereza atalishika vipi?

Kuhusu sare nawaelewa zaidi, kwa sababu anayefua ni mama, tena usiku, baada ya kazi. Lakini dawa ya sare ni aproni. Jumamosi nimeshona 18 kutoka vitenge vikuukuu, vya kwangu na vya jirani. Mwalimu mkuu amekubali tujaribu mwezi mmoja. Kesho asubuhi nazipeleka pamoja na ndoo ya mchanga wa mtoni niliouchekecha mwenyewe, na nazi mbili. Mzazi mwenye mbuzi ya kukunia aje nayo, tukae na watoto tukune.