Pesa ya kungojea pensheni: nani aipate, na itoke wapi?

Mfanyakazi wa Lubumbashi, hapa Kongo (DRC), anayeachishwa kazi akiwa na miaka 56 anaangukia shimo ambalo sheria yetu haikulifunika. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 imeweka pensheni ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kwenye miaka 60, mwanamume na mwanamke sawasawa. Mlango wa mapema ni mmoja: miaka 55, kwa aliyechakaa mwili au akili kabla ya wakati, tena daktari athibitishe. Bima ya kukosa kazi haipo. CNSS inashughulikia pensheni, hatari za kazini na posho za familia, basi. Aliye mzima lakini hana kazi atakula nini kwa miaka 4?

Kuna dekonti, yaani hesabu ya mwisho anayolipwa anayeachishwa kazi, tutaambiwa. Tuihesabu. Kodi ya kazi (yaani sheria ya kazi) ya 2002 inampa anayeachishwa notisi isiyopungua siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka mzima aliotumikia. Mwenye miaka 20 kazini anapata siku 154, karibu miezi 6 kwa juma la siku 6. Kungojea kwake ni miezi 48.

Ndiyo sababu hoja ya malipo ya muda, yanayotolewa kila mwezi na kukoma siku pensheni inapoanza, inastahili kupimwa kwa makini. Wanaoikataa hawana roho mbaya. CNSS inaishi kwa michango: 18% ya mshahara, mwajiri 13 na mfanyakazi 5, na katika hiyo pensheni inapata 10 tu. Mtu akitoka mapema, mfuko unapigwa mara mbili: mchango wake umekatika, na malipo yameanza. Kibaya zaidi, kampani ikijua kwamba CNSS italisha wazee wake, itawatoa bila haya na kuchukua vijana kupitia wakandarasi. Hoja hii naikubali yote. Malipo hayo yakitoka kwenye michango ya pamoja, waajiri watakuwa wakarimu kwa pesa ya wengine.

Lakini njia tuliyoizoea, ya kumpa mtu fungu moja na kumuaga, nayo ina historia yake hapa Katanga. Kuanzia 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampani ya madini ya serikali, waliondoka katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wakalipwa fungu la mkupuo. Fungu la namna hiyo linakutana na madeni ya karo, paa la nyumba, ndugu wagonjwa, biashara iliyoanzishwa kwa haraka. Haliwezi kujigawa lenyewe kwa miezi.

Italia ilichagua njia ya kati, nayo ina mafunzo. Malipo yao yanaitwa RITA, na kwa masharti ya sasa yapo tangu 1 Januari 2018. Hayatoki serikalini; yanatoka kwenye akiba ya mtu mwenyewe katika mfuko wa ziada wa pensheni. Sharti aache kazi, awe amebakiza miaka isiyozidi 5 kufikia umri wa pensheni ya uzee (kwao 67), awe na miaka 20 ya michango ya lazima na 5 katika mfuko wa ziada. Aliyekaa bila kazi zaidi ya miezi 24 anaruhusiwa kuanza miaka 10 kabla. Anaweza kuelekeza akiba yote huko au sehemu tu, na akifa njiani, kilichobaki hakipotei, kinakwenda kwa walioachwa. Hasara yake iko wazi: anachokula sasa hatakikuta uzeeni.

Kuihamisha RITA nzima hadi Lubumbashi hakuwezekani, kwa kuwa mfanyakazi wa kawaida hapa hana mfuko wa ziada. Kinachofaa kuchukuliwa ni ile milango miwili, ya umri na ya ukosefu wa kazi, pamoja na uhuru wa kugawa. Pesa itoke kwa mwajiri anayepunguza watu, na masharti yaandikwe katika mkataba wa pamoja kati yake na sendika, chama cha wafanyakazi. Tuchukue mfano wa dola 18,000 na miezi 48: ni dola 375 kwa mwezi. Sheria inaruhusu kuendelea na CNSS kwa hiari upande wa pensheni, ila sehemu ya mwajiri sasa ni mzigo wa mtu mwenyewe. Asipotengewa pesa ya mchango huo, atafika 60 na miezi pungufu ya michango. Kosa hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote, maana halionekani siku ya kutia sahihi.

Wengi watakataa kuacha pesa mikononi mwa mtu mwingine, na wana haki: akiba za miaka ya 1990 ziliyeyuka pamoja na sarafu ya zaire. Basi malipo yahesabiwe kwa dola, na mfanyakazi achague theluthi au nusu ya kuchukua mara moja.

Mgonjwa wa mapafu kwa sababu ya vumbi la mgodi asisukumwe huku. Dai lake ni la hatari za kazini, ambazo mwajiri analipia 1.5% peke yake.

Jambo la kwanza kukagua ni tarehe ya kuzaliwa. Ikiwa kadi ya mpiga kura inasema 1968 na faili ya CNSS inasema 1970, malipo yaliyohesabiwa kwa kadi yatakoma miezi 24 kabla ya pensheni. Irekebishwe wakati mwajiri bado anajibu simu.