Wanaokataa kilo 50 si wakulima

Nimesoma habari inayosema wakulima wa viazi huku Molo na Elburgon, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, "wanapinga" kanuni kwamba mfuko wa viazi usizidi kilo 50. Sikubaliani hata kidogo. Njooni shambani siku ya kupakia mjionee. Broka anakuja na magunia yake mwenyewe, anajaza mpaka mdomoni, kisha anashonea wavu juu na kuendelea kurundika. Gunia hilo hupita kilo 100 na bado linalipwa kama moja. Ukitaja mizani, anawasha lori anaenda kwa jirani, na viazi vikishachimbuliwa havingoji. Ushuru wa kaunti nao unatozwa kwa gunia, kwa hivyo likifura zaidi, broka ndiye anayeokoa pesa.

Kuna msomaji wa habari hiyo ametaja Uingereza, ambako Steve Thoburn wa Sunderland alitiwa hatiani mwaka 2001 kwa kuuza ndizi kwa ratili badala ya kilo. Huyo alikuwa na mizani, na mteja alijua anapewa nini! Hata mama wa soko la Kibuye, Kisumu, anayepima mahindi kwa gorogoro, yaani mkebe, nisingependa apelekwe kortini. Mnunuzi anautazama mkebe ukijazwa, na akiona umebonyezwa chini anaenda kwa mwingine. Mkulima wa viazi hana pa kwenda.

Kanuni za viazi zipo tangu 2019. Tunachoomba ni mizani yenye muhuri barabarani, na afisa atakayesimamisha lori badala ya kuja kumtisha mkulima.