Bandia au Niokolo-Koba: kiingilio cha mtalii kiende wapi?

Mgeni akifika Dakar, Senegali, akauliza pa kuona twiga na kifaru, atapelekwa Hifadhi ya Bandia. Ni mwendo wa kilomita 65 hivi, jirani na hoteli za pwani za Saly na Mbour. Akizunguka na gari saa mbili au tatu katikati ya mibuyu atakuwa ameona twiga, punda milia, vifaru weupe na mbuni, na jioni amerudi zake ufukweni. Hifadhi yenyewe ni ya binafsi, imezungushiwa uzio, na wengi wa wanyama hao wakubwa asili yao ni kusini mwa Afrika. Punda milia hakuwa mnyama wa Senegali tangu hapo. Twiga wa Afrika Magharibi, ambaye ni wa namna yake, porini amebaki Niger.

Wanyama wa Senegali yenyewe wako upande mwingine wa nchi, zaidi ya kilomita 500 kusini-mashariki, katika Hifadhi ya Taifa ya Niokolo-Koba. Eneo lake ni kilomita za mraba 9,130, yaani zaidi kidogo ya nusu ya Serengeti. Humo mna simba, mbwa mwitu, sokwe, viboko wa Mto Gambia, swala aina ya korongo, nyati, na yule pofu mkubwa anayeitwa pofu wa Derby, mwenye umbo kubwa kuliko swala wote duniani. Pofu hao wa jamii ya magharibi waliobaki porini karibu wote wako humo, nao hawafiki 200. Watalii wanaokwenda huko ni wachache mno wakilinganishwa na wanaoishia Bandia.

Hapo ndipo mabishano yanapoanza. Wapo wanaosema Niokolo-Koba itapona siku magari ya watalii yatakapojaa huko, kwa kuwa hifadhi isiyo na wageni haina mapato wala mtetezi. Wengine wanaona heri ibaki kimya ilivyo.

Hoja ya kwanza ina ushahidi mzito. Niokolo-Koba ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1954 na ikaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Miaka iliyofuata iliharibiwa bila kelele nyingi. Majangili walimaliza swala, wafugaji wakaingiza ng'ombe, na ndani ya mipaka, pale Mansadala, likafunguliwa chimbo la mawe ya basalti ya kutengenezea barabara. Barabara kuu ya Tambacounda kwenda Kédougou inapita katikati ya hifadhi na malori yake. Mwaka 2007 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Najiuliza: kama kila wiki wangepita wageni mia mbili na kamera zao pale Mansadala, chimbo lile lingedumu vile? Nadhani lisingedumu. Macho ya watu wengi ni ulinzi wa aina yake, na serikali yoyote hulinda kwa bidii zaidi kinachoiletea fedha.

Lakini tuangalie nani aliyeiokoa. Kuanzia mwaka 2011 idara ya hifadhi za taifa ya Senegali ilishirikiana na shirika la Panthera linaloshughulika na jamii ya paka wakubwa. Wakati huo simba walikadiriwa kuwa 10 hadi 15 tu. Doria zikaongezwa, askari wakapatiwa magari na mafunzo, kamera zikafungwa kwenye mapito ya wanyama, baadhi ya simba wakavishwa kola za setilaiti. Simba jike mmoja waliyempa jina la Florence amezaa na kulea tena na tena mpaka anaitwa mama wa hifadhi. Makadirio ya karibuni yanawaweka simba karibu 40. Mwaka 2024 UNESCO iliitoa Niokolo-Koba katika orodha ya hatari. Fedha za kazi hiyo zilitoka serikalini na kwa wafadhili. Kiingilio cha mtalii kilikuwa tone tu ndani yake. Simba wale waliongezeka kwa sababu askari walilala porini miezi mingi, wakifuata nyayo za majangili.

Na simba wa huku hana pengine pa kukimbilia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria simba wa Afrika Magharibi nzima kuwa kama 400, katika sehemu nne tu: Niokolo-Koba, mbili za Nigeria, na eneo kubwa linalounganisha Benin, Burkina Faso na Niger, ambalo ndilo lenye wengi wao. Benin iliweka matumaini makubwa ya utalii katika hifadhi yake ya Pendjari, na mwaka 2017 ikaikabidhi usimamizi kwa shirika la African Parks. Mei 2019 watalii wawili Wafaransa walitekwa humo na mwongozaji wao, mwananchi wa Benin, akauawa. Wageni wakatoweka. Hifadhi iliyojengwa juu ya tiketi pekee ingefungwa asubuhi iliyofuata, na simba wa Pendjari hawakuwa na kosa lolote katika jambo hilo.

Kwa hiyo siamini kwamba idadi ya wageni ndiyo kipimo cha afya ya Niokolo-Koba. Naogopa hasa ahadi ya uongo: msomaji aliyezoea picha za Ngorongoro akiuziwa safari ya huko kwa matarajio yale yale, atarudi amekasirika. Kule kuna msitu wa miti ya savana, mianzi na kingo za mito zenye kiza. Unaweza kukaa siku tatu usione simba hata mmoja. Joto la Aprili hupita nyuzi 40, na mvua zikianza njia hazipitiki. Ukikaa kwenye kambi ya Simenti juu ya Mto Gambia utaona viboko, nyani, ndege wengi na labda mamba. Kwangu hayo yanatosha. Anayetaka zaidi asilaumu hifadhi.

Kuna deni jingine ambalo vipeperushi vya utalii hulikwepa. Hifadhi ilipopanuliwa miaka ya 1960 na 1970, vijiji vilivyokuwa ndani vilihamishwa nje ya mipaka. Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kufafanuliwa maana yake. Wamasai walitolewa Serengeti mwaka 1959, na mjadala wa Ngorongoro bado una joto. Mwenyeji wa kando ya Niokolo-Koba alipoteza mashamba, makaburi ya wazee na mahali pa kuwinda. Leo dhahabu ya Kédougou inamwita kwenye mashimo, na zebaki ya kusafishia dhahabu hiyo ni hatari kwa mito. Hapa utalii unaweza kufanya kitu ambacho doria haiwezi: kumlipa kijana wa kijijini kwa sababu anaijua njia na sauti ya kila ndege. Sheria ya kuingia na mwongozaji ipo tayari. Fedha hiyo ni ndogo, ila inafika mkononi mwa mtu ambaye babake alihamishwa.

Sipendi pia Bandia idharauliwe. Mwaka 2000 pofu wachache walikamatwa Niokolo-Koba wakapelekwa huko, na uzao wao, Bandia na Fathala, hifadhi nyingine ya binafsi, ndio akiba pekee ya pofu hao nje ya pori. Familia ya Dakar inayolipa kiingilio ili watoto waone twiga inawalisha pia pofu hao, hata kama haijui. Tatizo ni kwamba wote wametokana na wazazi wachache sana, na damu inazidi kukaribiana. Fathala vilevile huuza matembezi ya miguu na simba waliofugwa. Fedha za namna hiyo siwezi kuzitetea. Simba anayezoezwa kutembea na wageni hatarudi porini.

Mfano ninaoupenda zaidi uko chini zaidi kwenye Mto Gambia, ng'ambo ya mpaka, nchini Gambia. Tangu mwaka 1979 sokwe waliookolewa wanaishi kwenye visiwa vya Mto Gambia, na wa kwanza wao walitolewa Mlima Assirik, ndani ya Niokolo-Koba, ambako jaribio la kuwarudisha porini lilishindikana kwa sababu sokwe wenyeji waliwashambulia. Mgeni huwatazama akiwa kwenye boti. Haruhusiwi kukanyaga kisiwa, kwani mafua ya binadamu yanaweza kumuua sokwe. Analipa, anatazama kwa mbali, anaondoka, na visiwa vinabaki vyao.