Fildi bila posho au twisheni: likizo ndefu mwanasayansi aende wapi?

Julai hadi Oktoba, vyuo vikiwa vimefungwa, mwanafunzi wa kemia, fizikia au biolojia hapa Dar anavutwa huku na huku. Kuna wanaomshauri aende fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, hata bila posho, kwa kuwa ajira huanzia huko. Wengine wanamwambia afundishe twisheni, apate hela yake. Wote wana hoja, ila ya fildi husemwa kijumla mno.

Fildi inalipa baadaye iwapo tu unashika kazi yenyewe. Maabara ya kiwanda cha vinywaji au rangi, kama vilivyo vingi Chang'ombe na Barabara ya Nyerere, hupima pH (kiwango cha asidi), sukari au mnato wa kila bechi, yaani kila mkupuo wa uzalishaji. Ukijua kurekebisha mita ya pH kwa bafa (kimiminika chenye pH inayojulikana) ya 7 na ya 4, kujaza kitabu cha bechi, na kutambua mzigo wa kuzuia usitoke, una cha kueleza kwenye usaili. Wengi, kwa masikitiko, huishia kuosha vyombo na kutoa fotokopi. Kabla ya kupeleka barua ya chuo, uliza: nani atanisimamia, nitatumia kifaa gani, matokeo nitaandika wapi? Wakikosa majibu, tafuta pengine, hata kama taasisi ina jina. Na wakikuajiri kabisa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na ziada ilipwe mara moja na nusu.

Twisheni inadharauliwa bila sababu. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, hivyo likizo yako inaangukia miezi ambayo wazazi wana wasiwasi na wako tayari kulipa. Hesabu ianze na nauli. Tuseme unapata 10,000 kwa kipindi cha saa moja na nusu, na unapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kila moja 600. Tayari 2,400 imeondoka, karibu robo ya malipo, foleni hujaihesabu. Watoto watano wa mtaa mmoja, kila mmoja 5,000, ni 25,000 kwa nauli ileile.

Bei hupanda zaidi ukifundisha vitendo, kwa sababu walimu wengi wa twisheni huishia ubaoni. Mtoto anayejua kanuni zote za asidi na besi bado hupoteza alama kwenye bureti, ule mrija wa kupimia kimiminika: anasoma jicho likiwa juu ya usawa wa kimiminika, anasahau kutoa hewa kwenye ncha, au anamimina kwa kasi rangi ikikaribia kubadilika. Makosa hayo hurekebishika kwa vipindi vichache, na mzazi anaona tofauti. Lipwa mwezi mzima mapema, mzazi asaini daftari la vipindi. Ukisubiri mwisho wa mwezi utaanza kuzungushwa.

Mhitimu ana njia ya tatu: ukusanyaji wa data za utafiti kwa tableti. Malipo ya siku huwa mazuri, lakini uliza kama siku za mafunzo zinalipwa, bando ni la nani, na dodoso likirudishwa kurekebishwa nani anagharamia safari. Uliza pia kama kiasi ulichotajiwa ni kabla ya kodi ya zuio ya 5%, inayokatwa kabla hujalipwa: kwenye 800,000 hiyo ni 40,000.

Kwa mwaka wa kwanza, ningechagua twisheni bila kusita. Anayekaribia kuhitimu aende fildi siku za kazi, mradi kifaa kipo na atakishika, kisha afundishe Jumamosi na Jumapili mtaani kwake.