Ng'ombe Mzima, Mkia Ukanishinda

Naanza na Alhamisi, maana Jumamosi bila Alhamisi haichekeshi.

Alhamisi jioni ilikuwa zamu yangu kutoa mada kwenye kikao cha usalama cha klabu yetu ya ndege ndogo. Nilikuwa na saa mia moja na ushee angani, na kichwa kilichovimba kuliko saa hizo. Nilichagua kuzungumzia orodha ya ukaguzi, yaani ile karatasi ambayo rubani anapaswa kuifuata mstari kwa mstari kabla ya kuruka, hata kama ameikariri. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuposa.

Nikawapeleka hadi Oktoba 30, 1935, kiwanja cha Wright Field, Ohio. Boeing walikuwa wameleta ndege yao mpya ya injini nne, Model 299, ili jeshi la Marekani liitazame. Ndege ikaruka, pua ikapanda kupita kiasi, mabawa yakashindwa kuibeba, ikaanguka na kuwaka moto. Wawili wakapoteza maisha, na waliokuwa usukani hawakuwa wanafunzi, walikuwa magwiji. Tatizo lilikuwa kile kifungio kinachoshika mapezi ya mkia yasipeperushwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa. Hakuna aliyekifungua. Baada ya ajali hiyo ndipo marubani wa jeshi wakaanza kupanda ndegeni na orodha iliyoandikwa.

"Mtu hasahau jambo gumu," nikawaambia, kidole juu. "Husahau kufungua kitu alichokifunga kwa mkono wake mwenyewe."

Wakapiga makofi. Kwa kuwa makofi ni matamu, nikaongeza la pili: ukikatizwa katikati ya ukaguzi, usiendelee pale ulipoishia, rudi mwanzo. Niliwaona wengine wakiandika.

Jumamosi nikamleta shemeji.

Huyu ni kaka mkubwa wa mke wangu, na kwa miaka miwili alikuwa amekataa kupanda nami. Hakuwahi kusema kwamba haniamini. Alikuwa akisema tu kwamba mguu unamuuma. Siku hiyo mguu ulipona, nami nikaamua kwamba atakayoyaona ndiyo atakayokwenda kuyasimulia ukweni, kwa hiyo kila kitu kifanyike kitaalamu. Nikampa maelekezo ya abiria hadi akachoka. Mkanda unafungwa hivi, mlango unafunguliwa hivi, kizimamoto kiko hapa. Usiguse kitu chochote. Na zaidi ya yote, usinisemeshe ninapokagua au ninapoiendesha ndege ardhini.

"Hata kwenye ndege kubwa za abiria," nikamwambia, "Marekani wana kanuni ya tangu 1981. Chini ya futi 10,000 marubani hawaruhusiwi soga yoyote isiyohusu kazi."

"Na sisi tutapanda futi ngapi, shemeji?"

"Elfu mbili."

Akapiga hesabu kimoyomoyo. Akafunga mdomo.

Ndege yenyewe ilikuwa Cessna 172, mabawa juu, viti vinne, uzito wa kama tani moja ikiwa imepakiwa. Zimetengenezwa zaidi ya 40,000 tangu miaka ya 1950, na naamini sababu moja ya kupendwa kwake ni uvumilivu wake kwa watu wa aina yangu. Ikiegeshwa nje hufungwa kamba tatu: moja kila bawa, na moja kwenye pete iliyo chini ya mkia. Ukaguzi unaanzia ndani, unakwenda mkiani, halafu bawa la kulia, pua, na kumalizia bawa la kushoto.

Ndani, safi. Nikaenda mkiani. Nikatikisa mapezi, nikakagua bawaba na skrubu, nikainama kuishika kamba. Hapo nikasikia naitwa.

Alikuwa mwanachama mwenzangu, amekuja mbio kunipa mkono. Mada ya Alhamisi ilimgusa sana, akasema, hasa pale niliposema kwamba mtu akikatizwa aanze upya. Nikainuka. Nikampanulia zaidi hoja hiyo. Nikamfafanulia kwa mifano kwa nini akili ya binadamu ikikatizwa huamini imemaliza kitu ilichokusudia tu kukifanya. Tulisimama pale dakika tano, mimi nikifundisha, kamba ikiwa mita moja kutoka kwenye kiatu changu. Alipoondoka nikajifuta jasho la ualimu, nikaenda kwenye bawa la kulia.

Huko sikukosea hata kimoja. Nilifungua kamba za mabawa zote mbili na kuzikunja vizuri. Nilichota mafuta kidogo kutoka kila tangi, nikayanyanyua juani kuangalia kama yana maji, huku shemeji akitazama kwa heshima kana kwamba napima damu. Oili, sawa. Magurudumu, sawa. Nikavua ule mfuko wenye utepe mwekundu unaofunika mrija wa kupimia mwendo. Tukapanda.

Sasa, kwa yule ambaye hajawahi kukaa humo: kutoka kiti cha rubani, usipogeuka, mkia hauonekani. Unaona mbele, unaona pembeni, nyuma unaamini tu.

Kuna kitu kimoja zaidi nilichokifanya kitaalamu. Wengine huiweka orodha yao mapajani. Mimi nilikuwa nimejinunulia kibanio kizuri cha kuishika orodha usukanini, mbele ya macho, nisiwe na kisingizio. Nikawasha injini, nikatangaza redioni kwamba natoka kwenye maegesho, kisha nikakisogeza kibanio kidogo ili niione orodha vizuri zaidi. Kikakaa sawasawa juu ya kitufe cha redio.

Redio za ndege zina tabia moja. Ukiwa umebonyeza kitufe unasema wewe peke yako, na wewe mwenyewe husikii mtu. Hakuna anayeweza kukuambia kwamba kitufe chako kimebonyezwa, kwa sababu ili akuambie ni lazima kwanza ukiachie. Kwa hiyo kuanzia hapo kila neno langu lilikwenda kwa kila aliyekuwa kwenye masafa yetu, na kwenye kibaraza cha klabu kulikuwa na redio ya mkono na watu tisa. La shemeji halikwenda, kwa kuwa kitufe kilikuwa upande wangu na kilipeleka maikrofoni yangu tu. Walikuwa wanasikia kama unavyomsikia jirani anayeongea na simu.

Nikaachia breki, nikaongeza moto. Ndege ikasogea nusu mita, ikasita, ikarudi nyuma kidogo kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba yake.

Mfano huo wa mbuzi, naapa, ulinijia akilini palepale. Nikauona mzuri. Nikaendelea.

Kwa kawaida 172 huanza kutembea injini ikiwa mizunguko elfu moja na kidogo kwa dakika. Nikapeleka 1,500. Ikatetemeka. Nikapeleka 1,800. Pua ikainama, ndege nzima ikanguruma mahali pamoja. Shemeji aliyekuwa amekalia viganja vyake ili asiguse kitu akanigeukia na kuniuliza kama ndivyo inavyokuwa. Hiki ndicho kilichosikika kibarazani, nilivyokuja kusimuliwa mara nyingi kuliko nilivyohitaji:

"Kawaida kabisa, shemeji."

Kimya.

"Hapana, haijakwama. Inapata joto."

Kimya.

"Kilo ngapi? Tisini? Basi ni hiyo. Upande wako umelemea."

Kimya kirefu.

"Sijasema wewe mnene. Nimesema ndege inakuhisi."

Huko nyuma yetu, upepo wa propela ulikuwa umeangusha viti vitatu na kuchukua turubai la kufunikia ndege ya mtu mwingine. Mimi sikuona. Nyuma unaamini tu. Nilichokiona ni mwalimu wangu, mzee aliyenifundisha kuruka, akija mbiombio kutoka kibarazani. Alikuja kwa pembeni, mbali na propela, akasimama mahali ninapoweza kumwona, akainua mkono, akapitisha kiganja shingoni mara tatu. Dunia nzima ya urubani ishara hiyo ina maana moja: zima injini.

Nikampungia.

"Huyo ndiye mwalimu wangu," nikamwambia shemeji, na kibaraza, na ndege moja iliyokuwa angani. "Ananipenda sana huyu mzee. Kuruka ananizidi. Kutua, kusema kweli, siku hizi namzidi, ila sijamwambia."

Mzee akaacha kupitisha kiganja shingoni. Akaweka mikono kiunoni.

Niseme kuhusu hiyo ndege iliyokuwa angani, maana hapo mimi mwenyewe sicheki sana. Alikuwa mwanafunzi na mwalimu mwingine wakizunguka kiwanja wakijifunza kutua. Kiwanja chetu hakina mnara wa kuongozea, kila mtu hutangaza alipo ili wengine wajue. Kwa muda wote wa mazungumzo yangu na shemeji hawakuweza kutangaza chochote. Walipanua mzunguko wao, wakatoa macho kila upande, wakatua kimyakimya. Mwanafunzi yule alikuja kuniambia kwamba siku hiyo alijifunza mengi, na nimeamua kuamini kwamba alikuwa na nia njema.

Hatimaye nikakata shauri kwamba breki za magurudumu zimeng'ang'ania, jambo ambalo hutokea, na ambalo, muhimu zaidi, si kosa la rubani. Nikazima injini kwa kufuata orodha, mstari kwa mstari. Mstari wa kuzima redio ulikuwa chini ya kibanio.

Propela ikasimama. Ukatulia ule utulivu mzito ambao mtu husikia mapigo ya moyo wake. Sauti yangu, ambayo hadi hapo ilikuwa ikipambana na mngurumo, sasa ikatoka kwenye redio ya kibarazani safi kama ya msoma habari.

"Shemeji," nikasema, "nyumbani tusiyakuze haya. Tutasema hali ya hewa ilikuwa mbaya."

Mbingu, kama ilivyokuja kuandikwa kwenye ripoti, ilikuwa haina wingu hata moja.

Mzee akafungua mlango wangu. Hakusalimu. Aliingiza mkono taratibu mbele ya kifua changu, akakisogeza kibanio kwa kidole kimoja. Redio ikakoroma, kisha nikasikia, mara ya kwanza baada ya muda mrefu, binadamu wengine. Walikuwa wanacheka, na mmoja alikuwa anauliza kama hali ya hewa imeimarika.

"Shuka," mzee akasema. "Twende nyuma."

Tukaenda nyuma. Kamba ilikuwa imenyooka kama uzi wa fundi muashi, kutoka pete ya mkia hadi kigingi cha chuma kilichozikwa kwenye zege. Fundo lilikuwa langu mwenyewe. Nililifunga Jumapili iliyopita, na lilikuwa zuri, niruhusuni nilisifu, halikuteleza hata sentimita moja.

Mzee akaitazama kamba. Akanitazama mimi.

"Umemla ng'ombe mzima, kijana," akasema. "Mkia ukakushinda."

Halafu, akiwa ameshageuka kuondoka: "Na huko kutua, njoo Jumatatu tupimane."

Hatukuruka. Ndege iliyovutwa mkia kwa nguvu za injini hairuki mpaka fundi aikague, na fundi alifungua vifuniko vya nyuma, akamulika pete na fremu iliyoshikilia pete, akapapasa riveti moja moja. Hakukuwa na ufa. Akaniuliza kama fundo lile naweza kumfundisha. Nikakaa kibarazani nikijaza fomu ya taarifa ya tukio, ile ambayo Alhamisi niliwasihi wanachama wasione aibu kuijaza. Ina kisanduku kinachouliza: "Je, orodha ya ukaguzi ilitumika?" Nikaandika ndiyo. Chini yake kinauliza: "Eleza." Nikaomba karatasi ya ziada. Yule mwanachama aliyenipa mkono mkiani alikuwa kwenye kiti cha pili, akigeuzageuza kofia yake, akisema kosa ni lake. Nilitamani kukubali.

Shemeji hakusema neno muda wote huo. Alikaa, akatazama ndege, akatazama turubai likirudishwa. Hakunicheka, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko wale waliocheka. Tulipofika kwenye gari, nikiwa nimeshika ufunguo, ndipo akakohoa.

"Shemeji, ile kamba mimi niliiona."

"Uliiona lini?"

"Ulipokuwa unaongea na yule bwana. Na tulipokuwa tunapanda, niliiona tena. Nikadhani ndiyo breki yake ya mkono."

"Ukaona inatuvuta?"

"Niligeuka nikachungulia nyuma kupitia dirisha la pembeni. Nikaiona imekaza."

"Sasa mbona hukuniambia!"

Akafunga mkanda wake, akaukagua mara mbili kama nilivyomfundisha.

"Tulikuwa chini ya futi 10,000, shemeji."