Onyo la 1896 lisomwe lote

Makala moja kuhusu vita vya 1896 inasema kabla ya kuupiga kwa mizinga mji wetu wa Zanzibar tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza "walitoa onyo la kutosha". Kutosha kwa nani? Meli za biashara ziliamriwa zitoke bandarini, na wanawake na watoto wa Kiingereza wakahamishwa. Watumishi na watumwa waliokuwa ndani ya kasri, sehemu kubwa mbao, roho zao zilingojea uamuzi wa Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani bila idhini ya Waingereza nao wakamtaka atoke kasrini.

Tazameni na jibu la balozi wa Uingereza, Cave, kwa Khalid asubuhi ile: hatutaki kupiga, lakini msipofanya mlivyoambiwa tutapiga. Lawama imeshahama hapo. Mwenye mzinga anajifanya mtekelezaji tu wa chaguo la anayepigwa. Simu ya maandishi (telegramu) ya Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza, kwa Cave kutoka London ndiyo nzito zaidi: chukua hatua yoyote uionayo ya lazima, ila usijaribu usilo na hakika ya kulifanikisha. Sharti ni ushindi, haki haimo.

Khalid naye, kwa kujibu kuwa haamini watapiga, alicheza kamari na roho za watu. Saa 3:02 mizinga ikalia. Haikutimia saa moja, kiasi cha watu 500 wa upande wake wamekufa au kujeruhiwa. Muingereza, baharia mmoja majeruhi.